Mashine ya kukatia nyasi ya kugeuka papo hapo

Mashine ya kukatia nyasi ya kugeuka papo hapo ni mashine yenye injini au betri inayoendeshwa na mtu aliyeketi au aliyesimama juu yake, na ambayo inaweza kujizungusha palepale ilipo bila kuhitaji nafasi ya kupiga kona. Nchini Marekani, ambako ilibuniwa na ambako hutumika kwa wingi, huitwa zero-turn. Maana ya jina hilo ni kwamba nusu kipenyo cha kona yake ni sifuri: gari la kawaida hupiga kona kwa kuzunguka nukta iliyo nje ya gari, lakini mashine hii huzunguka nukta iliyo katikati ya magurudumu yake mawili yanayosukuma.

Mashine hizi ziko za mitindo kadhaa. Kuna za kukaa zenye mikono miwili ya kuongozea, za kukaa zenye usukani, za kusimama, na zile ambazo visu vimewekwa mbele ya mwendeshaji. Kwa mnunuzi tofauti hizo si za umbo tu. Namna mashine inavyogeuka ndiyo pia namna inavyosimama, na mashine iliyo salama kabisa kwenye uwanja tambarare inaweza kumwua mwendeshaji kwenye mteremko wa kando ya bwawa. Wauzaji huanza na nguvu ya injini na upana wa kukata. Ni afadhali kuanza na ardhi yenyewe.

Jinsi inavyofanya kazi

Mashine ya kawaida ya aina hii ina magurudumu manne. Mawili ya nyuma ni makubwa na ndiyo yanayosukuma. Mawili ya mbele ni madogo, hayaunganishwi na injini wala usukani. Yanajigeuza yenyewe kufuata mwelekeo, kama magurudumu ya kitoroli cha supamaketi. Kila gurudumu la nyuma lina pampu yake ya haidroliki na mota yake. Injini huzungusha pampu zote mbili kwa mkanda mmoja, na mwendeshaji huamua kila pampu isukume oili kiasi gani na kwa upande upi.

Anafanya hivyo kwa mikono miwili ya chuma iliyo mbele ya mapaja yake. Akiisukuma yote miwili mbele kwa kiasi kilekile, mashine huenda mbele moja kwa moja. Akiivuta yote, hurudi kinyumenyume. Akisukuma wa kushoto zaidi ya wa kulia, gurudumu la kushoto hukimbia zaidi na mashine hukata kulia. Akisukuma mmoja mbele huku akivuta mwingine nyuma, magurudumu huzunguka kwa kupingana na mashine hujigeuza palepale. Kifaru cha vita na tingatinga la minyororo hugeuka kwa njia hiyohiyo.

Kwa kawaida hakuna kanyagio la kusimamisha mashine ikiwa katika mwendo. Breki iliyopo ni ya kuegeshea. Kupunguza mwendo ni kurudisha mikono katikati, ili pampu ziache kusukuma oili na magurudumu yazuiwe na oili hiyohiyo. Hapa ndipo penye jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulielewa kabla ya mengine yote: kusukuma, kugeuza na kusimamisha vyote vinapitia magurudumu mawili ya nyuma. Magurudumu hayo yakiteleza, kwa mfano juu ya nyasi zenye umande, mwendeshaji hupoteza vyote vitatu kwa mpigo mmoja. Magurudumu ya mbele hayawezi kumsaidia kwa sababu hayashiki mwelekeo wowote. Yataelekea chini ya mteremko pamoja na mashine.

Kugeuka papo hapo kuna gharama kwa nyasi pia. Gurudumu moja likisimama kabisa huku lingine likizunguka, lile lililosimama husaga nyasi na kuacha doa la udongo. Waendeshaji wazoefu huepuka jambo hilo kwa kuhakikisha magurudumu yote mawili yanatembea wakati wa kugeuka, au kwa kurudi nyuma kidogo kisha kuingia mstari mpya.

Visu, ambavyo kwa kawaida ni viwili au vitatu, huzunguka ndani ya kasha la chuma lililo chini ya mashine. Kasi ya ncha zake ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Kiwango cha usalama cha Marekani kwa mashine za nyumbani kimeweka ukomo wa futi 19,000 kwa dakika, yaani karibu mita 97 kwa sekunde au takriban kilomita 350 kwa saa. Jiwe dogo likigongwa na kisu hicho na kutoka kwenye mdomo wa kasha linaweza kuvunja kioo cha gari au kutoboa jicho la mtu aliye mbali. Ndiyo sababu kifuniko cha mdomo wa kasha hakipaswi kuondolewa, hata kama kinapunguza upesi wa kutoa nyasi.

Historia

Mashine ya kwanza ya kukatia nyasi ilibuniwa na Edwin Beard Budding huko Stroud, Uingereza, mnamo mwaka 1830. Alichukua wazo kutoka mashine ya kiwandani iliyonyoa manyoya ya vitambaa vya sufu. Ilisukumwa kwa mkono.

Mashine ya kupandwa yenye uwezo wa kugeuka papo hapo inahusishwa na Max Swisher wa Warrensburg, Missouri, aliyeunda ya kwake mwaka 1949 akiwa bado kijana. Ilikuwa ya magurudumu matatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 John Regier wa Kansas alibuni mashine iliyoongozwa kwa mikono miwili, kila mkono ukiamuru gurudumu lake, na ndiyo iliyozaa umbo linalojulikana leo. Kampuni ya Excel Industries ya Hesston, Kansas, iliiuza kwa jina la Hustler. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Dixon, nayo ya Kansas, ilianza kuwauzia watu wa kawaida wenye nyumba. Si ajabu kwamba mengi yalitokea Kansas: ni nchi tambarare, na mashine hii ni mtoto wa nchi tambarare.

Mteremko

Vitabu vingi vya watengenezaji huweka ukomo wa nyuzi 15, na baadhi nyuzi 10. Tatizo ni kwamba jicho la binadamu halipimi nyuzi. Mteremko wa nyuzi 15 hauonekani kuwa mkali kwa mtu anayetembea kwa miguu.

Njia rahisi ya kuupima ni kuchukua ubao ulionyooka wenye urefu wa mita moja na pima maji ya fundi mwashi. Ncha moja ya ubao huwekwa juu ya ardhi upande wa juu wa mteremko, kisha ubao hunyanyuliwa upande wa chini hadi pima maji ioneshe kuwa umelala sawasawa. Halafu hupimwa nafasi iliyobaki kati ya ncha iliyoning'inia na ardhi. Ikiwa ni sentimita 18, mteremko ni wa nyuzi 10. Ikiwa ni sentimita 27, umefika nyuzi 15. Zaidi ya hapo mashine hii haifai, hata ikiwa ya bei kubwa namna gani. Upimaji ufanywe mahali pakali kuliko pote, si kwa wastani wa kiwanja kizima, kwa sababu mashine hupinduka mahali pamoja.

Hatari kubwa zaidi ni pale mteremko unapoishia kwenye maji, mtaro au ukuta wa kuzuia udongo. Mashine ya biashara ina uzito wa kilo 500 hadi 700. Ikianza kuteleza, hakuna mtu anayeweza kuizuia kwa mguu, na wengi waliojaribu wameumia. Baadhi ya vitabu vya watengenezaji huagiza kuacha nafasi ya angalau upana wa mashine mbili kati ya mashine na ukingo. Nyasi za ukanda huo hukatwa kwa mashine ya kusukuma au kwa fyekeo. Mwenye kiwanja ambacho sehemu yake kubwa ni ukanda wa namna hiyo hana sababu ya kununua mashine ya kugeuka papo hapo.

Mashine nyingi kubwa zina upinde wa chuma nyuma ya kiti, wa kumkinga mwendeshaji mashine ikipinduka. Kanuni yake huwachanganya watu. Upinde ukiwa umesimama, mkanda wa kiti lazima ufungwe, maana mtu aliyerushwa nje anaweza kulaliwa na upinde wenyewe. Upinde ukiwa umelazwa ili kupita chini ya matawi, mkanda usifungwe, maana utamshikilia mtu chini ya mashine isiyo na kinga. Mwendeshaji anayelaza upinde asubuhi kwa ajili ya mti mmoja na kuusahau mpaka jioni amejinyima kinga siku nzima.

Trekta dogo la bustani lenye usukani huweza kuwa chaguo bora kwa mwenye mteremko wa wastani, ingawa ni la polepole na huacha nyasi nyingi kuzunguka miti. Magurudumu yake ya mbele yanashika mwelekeo, na lina kanyagio la breki. Nalo lina ukomo wake wa nyuzi. Lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kupanda popote. Kwa miteremko mikali zaidi kuna mashine zinazoongozwa kwa rimoti, ambazo mwendeshaji wake husimama mbali.

Mitindo

Mtindo wa kukaa wenye mikono miwili ndio wa kawaida. Hujifunzwa kwa muda mfupi, ingawa saa ya kwanza mashine huyumba kama mlevi kwa sababu mgeni husukuma mikono kwa pupa. Ndani ya mtindo huu kuna tofauti kubwa kati ya mashine za nyumbani na za biashara, ambayo inaelezwa chini zaidi.

Mtindo wa usukani ulibuniwa kwa ajili ya watu wasiopenda mikono. Usukani hugeuza magurudumu ya mbele huku ukiamuru pia mota za nyuma, hivyo magurudumu yote manne hushiriki katika kugeuka. Faida yake halisi ni kwenye mteremko: magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza, ya mbele bado yana mwelekeo. Kwa baadhi ya mashine hizi kitabu cha mtengenezaji kinaruhusu mteremko mkali kidogo kuliko ule wa zenye mikono. Upungufu wake ni sehemu nyingi zaidi za kulainisha, kurekebisha na kuchakaa. Kampuni ya Cub Cadet imeuza mashine nyingi za mtindo huu.

Katika mtindo wa kusimama mwendeshaji hana kiti. Husimama kwenye jukwaa dogo nyuma, kati ya magurudumu au nyuma yake kidogo. Kampuni ya Wright ya Maryland ni miongoni mwa zilizoueneza tangu miaka ya 1990, na leo karibu kila mtengenezaji mkubwa ana wake. Mtu asiyewahi kuutumia hudhani ni adhabu kusimama saa nane. Wakandarasi wa bustani wanaupenda kwa sababu nyingine: mwendeshaji huona vizuri kilicho mbele, hushuka kuokota takataka na kupanda tena bila kuzima kila kitu kwa muda mrefu, hupunguza mishtuko kwa magoti yake badala ya uti wa mgongo, na akiona mashine inateleza anaweza kuruka nyuma. Mashine yenyewe ni fupi, kwa hiyo tela moja hubeba nyingi zaidi. Kwa yule anayekata kiwanja kikubwa kilicho wazi, bila vizuizi, saa baada ya saa, kiti bado ni bora.

Mtindo wa visu vya mbele ni wa pekee. Magurudumu yanayosukuma yako mbele, karibu na visu, na madogo yako nyuma. Kasha la visu hutangulia, hivyo huingia chini ya vichaka, uzio na viti vya bustani mahali ambapo mashine ya kawaida haifiki. Kasha huweza kunyanyuliwa ili lisafishwe bila mtu kulala chini. Walker ya Colorado inajulikana kwa mashine za namna hii zinazokusanya nyasi zilizokatwa, na Grasshopper ya Kansas kwa zinazoweza kubadilishiwa kifaa cha mbele na kufungwa cha kuondolea theluji. Mwendeshaji lazima azoee nyuma ya mashine inayotupwa upande akigeuka. Wageni hugonga kuta kwa nyuma.

Upana na kasi

Upana wa kasha la visu hutajwa kwa inchi. Ya nyumbani mara nyingi ni inchi 42 hadi 54, yaani sentimita 107 hadi 137. Za biashara hufika inchi 60 na 72, yaani sentimita 152 na 183.

Kabla ya hesabu yoyote, ni vizuri kupima geti. Mashine ya inchi 48 haipiti kwenye geti la inchi 48, kwa sababu kifuniko cha mdomo wa kasha hutokeza upande hata kikiwa kimekunjwa. Kosa hili hufanywa mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, na matokeo yake ni mashine mpya inayokata mbele ya nyumba tu huku ua wa nyuma ukikatwa kwa mashine ya zamani ya kusukuma.

Eneo linalokatwa kwa saa hupatikana kwa kuzidisha upana kwa kasi, kisha kupunguza karibu sehemu moja ya tano kwa ajili ya kona na mistari inayopandana. Mashine ya nyumbani yenye upana wa mita 1.07 ikienda kilomita 8 kwa saa hukata takriban mita za mraba 6,850 kwa saa. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo itachukua kama dakika 35. Mashine ya biashara yenye upana wa mita 1.52 ikienda kilomita 14 kwa saa hukata takriban mita za mraba 17,000, na ekari hiyohiyo itaisha kwa dakika 14 hivi.

Tofauti ni dakika 21. Mwenye ekari moja anayekata mara 30 kwa mwaka ataokoa kama saa kumi na nusu kwa mwaka mzima. Mashine ya nyumbani huanzia karibu dola 3,000 za Marekani, na ya biashara ya ukubwa huo mara nyingi huzidi dola 10,000. Kwa mwenye nyumba, hesabu hiyo haikubali. Mkandarasi anayekata ekari 15 kwa siku anaokoa zaidi ya saa tano kila siku, na kwake mashine ndogo ndiyo iliyo ghali.

Hesabu hiyo pia ni ya ardhi laini. Matangazo hutaja kasi ya juu kabisa. Hayataji kwamba nyasi ndefu au zenye maji hazikatiki vizuri kwa kasi hiyo, na kwamba kwenye ardhi ya mabonde mwendeshaji hupunguza mwendo mwenyewe kwa maumivu ya mgongo. Mashine zenye springi chini ya kiti au kwenye magurudumu, kama zile za Ferris, zinatofautiana na nyingine hapo zaidi kuliko kwenye nguvu za injini. Upana nao una tabia yake: kasha pana likipita juu ya ardhi yenye matuta hulala juu ya tuta na kulinyoa mpaka udongo, huku likiacha nyasi ndefu bondeni. Kwenye ardhi ya namna hiyo kasha jembamba hukata vizuri zaidi.

Chuma, injini na pampu

Makasha ya bei nafuu hutengenezwa kwa bamba moja lililokandamizwa kiwandani mpaka likapata umbo. Ni mepesi na hupitisha hewa vizuri, lakini bamba ni jembamba. Makasha ya biashara huunganishwa kwa kuchomelea mabamba mazito. Unene hutajwa kwa geji, na geji huhesabiwa kinyume: namba ikiwa ndogo, chuma ni kinene. Geji 11 ni takriban milimita 3, geji 7 ni takriban milimita 4.5. Ni sehemu inayogongwa na mawe na mizizi kila siku, hivyo milimita moja na nusu si jambo dogo.

Injini nyingi ni za silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la herufi V. Kawasaki, Kohler na Briggs & Stratton ndizo zinazoonekana zaidi. Wanunuzi huvutwa mno na nguvu farasi. Kinachoua mashine mapema zaidi kwa kawaida si injini bali pampu na mota za haidroliki. Katika baadhi ya mashine za nyumbani pampu na mota zimefungwa pamoja ndani ya kasha lisilo na filta wala mahali pa kubadilishia oili. Zikichoka, hutupwa na kununuliwa nyingine, na bei yake hukaribia thamani ya mashine iliyobaki. Za biashara zina filta, zina feni ya kuzipoza, na oili yake hubadilishwa. Swali la kumwuliza muuzaji ni moja tu: oili ya haidroliki hubadilishwaje? Jibu likiwa kwamba haibadilishwi, mashine hiyo ni ya ekari moja au mbili za ardhi tambarare.

Aina ya nyasi

Nyasi za kusini mwa Marekani mara nyingi ni ukoka, uleule unaotambaa katika viwanja vya Afrika Mashariki. Ukoka hupendeza ukikatwa chini, kwa sentimita 2.5 hadi 5. Visu vinavyozunguka kama feni hukata vizuri kwa urefu wa juu kidogo. Vikishushwa sana, kila tuta dogo huonekana kama kidonda. Viwanja vya gofu hutumia kwa sehemu zake fupi kabisa mashine za visu vya mviringo kama ile ya Budding, si hizi. Nyasi za kaskazini, zinazopenda baridi, huachwa ndefu, na hapo mashine ya kugeuka papo hapo iko nyumbani kwake.

Nyasi ya kikuyu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na jina lake la kimataifa limetoka kwa Wakikuyu wa Kenya. Imeenea California, Australia na Afrika Kusini, na katika sehemu nyingi huhesabiwa kuwa gugu. Hufuma zulia nene ambalo magurudumu huzama na kuinuka juu yake. Mashine nzito yenye kasha pana huzama zaidi na kuinyoa kwa mabaka. Kuikata mara kwa mara, kidogo kidogo, kunasaidia kuliko kubadilisha mashine.

Betri

Mashine za betri zimeongezeka, hasa baada ya California kupitisha sheria mwaka 2021 iliyozuia uuzaji wa injini ndogo mpya zinazotoa moshi kuanzia zile za mwaka 2024. Kila kisu huwa na mota yake, na kila gurudumu la nyuma lina yake, hivyo mikanda na oili ya haidroliki hutoweka pamoja na kazi ya kuvitunza. Kelele hupungua sana. Za petroli mara nyingi huzidi desibeli 85, kiwango ambacho mfanyakazi wa siku nzima huhitaji kinga ya masikio. Kwa ua wa nyumbani betri inatosha. Kwa kazi ya siku nzima mbali na umeme, gharama ya betri za akiba ndiyo inayoamua. Kuhusu mteremko hazina nafuu yoyote: nazo hushika ardhi kwa magurudumu mawili yaleyale.

Watoto

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kwamba mtoto asiendeshe mashine ya kupandwa kabla ya kufikisha miaka 16, na kwamba asipakiwe kama abiria katika umri wowote. Ajali nyingi mbaya hutokea mashine ikirudi nyuma. Mtoto aliyewahi kupakiwa kwa mchezo huikimbilia akiisikia, na mwendeshaji aliyevaa kinga ya masikio hamsikii.

Kununua iliyotumika

Katika Afrika Mashariki nyasi nyingi za makazi, shule na kando ya barabara hukatwa kwa fyekeo au mashine ya kusukuma. Mashine ya kugeuka papo hapo huwa na maana kwa uwanja wa gofu, hoteli kubwa au shule yenye viwanja kadhaa vya michezo, tena vilivyo tambarare. Anayeagiza iliyotumika kutoka nje anafaa kuhakikisha kwanza kama mikanda, visu na filta za modeli hiyo zinapatikana, kwa kuwa vipimo vyake ni vya inchi na mkanda wa gari hauwezi kuchukua nafasi yake.

Ukaguzi usifanywe mashine ikiwa baridi tu. Pampu iliyochoka hufanya kazi vizuri asubuhi, kisha oili ikipata joto na kuwa nyepesi hupoteza nguvu. Mashine iendeshwe nusu saa, halafu ipandishwe mteremko mdogo ulio ndani ya ukomo wake. Ikisita, au ikivuta upande mmoja huku mikono yote iko mbele kabisa, pampu au mota ya upande unaobaki nyuma inatiliwa shaka, ingawa huenda ni marekebisho tu. Baada ya hapo injini izimwe na ufunguo utolewe. Mkaguzi avae glovu, ashike kila kisu na kukitikisa juu na chini: kikicheza, beringi za mhimili wake zimekwisha. Mwisho aangalie kwa tochi chini ya kasha, kuzunguka mahali mihimili inapofungwa, kama kuna nyufa zilizochomelewa na kupakwa rangi mpya.